Tennessee Lazima Ishinde

Norbert Kulpa hakuwahi kukosea hesabu kwa bahati mbaya. Hilo ulijue mapema. Maisha yake yote ya kazi, kampuni moja ya kuezeka mapaa ilimtuma kwa wateja wa Buffalo na vitongoji vyake. Anaegemeza ngazi, anapanda, anavikanyagakanyaga vigae kwa ncha ya kiatu, anashuka, anataja bei. Wakadiriaji wengine walikuwa wakikisia halafu wanamwachia Mungu. Norbert alikuwa akitaja. Mafundi wakishamaliza na risiti zote zikijumlishwa, bei inatoka ile ile aliyoisema uani akiwa na kofia mkononi, na ikizidi, imezidi kwa pesa ya kahawa. "Kulpa akitaja, wewe lipa tu," walikuwa wakisema watu, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kuitaka.

Basi mtu huyu ndiye aliyekaa jikoni kwake Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mabaki ya theluji yakiwa yamegeuka meusi kando ya njia ya gari, akifanya hesabu ya uongo.

Alikuwa akilinganisha majimbo mawili. Upande huu New York, alikozaliwa, akaoa, akazika. Upande ule Tennessee, ambako hakuwa na ndugu wala jamaa isipokuwa Denise, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa huko akakaa moja kwa moja. New York ilimtoza kodi ya majengo, kodi ya shule ingawa hakuwa na mtoto shuleni, kodi ya mapato juu ya sehemu ya pensheni yake, na juu ya hayo yote gesi ya kupashia nyumba joto, ambayo ilikuwa ikimnyonya kama kupe. Tennessee haikuwa na kodi ya mapato kabisa. Kodi yake ya majengo ilikuwa ndogo hadi unacheka. Kufikia hapo Norbert alikuwa msema kweli.

Uongo ulianzia kwenye chakula. New York haitozi kodi mkate wala maziwa wala mayai ya kupika nyumbani. Tennessee inatoza. Kila yai, kila kitunguu, kila kopo la supu, serikali inachukua chake pale pale kwa keshia. Norbert alilijua hilo tangu Januari. Alilijua vizuri sana, na alipofika kwenye mstari wa chakula akaandika gharama sawa kwa majimbo yote mawili, akaenda mbele akipiga mluzi. Bima ya gari na ya nyumba aliipunguza kidogo upande wa Tennessee, kana kwamba tufani za huko zilimwahidi kutopita mtaa wake. Na kwenye gesi ya New York alichukua bili ya Februari, mwezi ule baridi ilipogandisha hata kufuli, akaizidisha kana kwamba mwaka mzima ni Februari.

Tennessee ikashinda. Ikashinda kwa mbali.

Sasa utauliza, mzee mzima anajidanganya ili iweje? Hakuwa akijidanganya. Alikuwa akimwandalia Denise. Alichokitaka Norbert Kulpa ni neno moja kutoka kwa binti yake, nalo ni "njoo", na hakujua njia nyingine ya kulipata ila kumwekea mezani hesabu ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuikataa.

Mtaani kwao watu hawaambiani wameumia. Mtu anakwambia kodi imepanda. Mke akiondoka, mume anakulalamikia bei ya wakili. Mtoto akienda jeshini, baba anakueleza namna tairi zilivyopanda. Na wewe msikilizaji unaelewa, unatikisa kichwa, unasema wezi hao, unamnunulia bia. Norbert alizaliwa ndani ya lugha hiyo na hakuwa na nyingine. Siku ya kumzika Lorraine, mke wake, miaka mitatu iliyopita, Denise alimshika mkono pale kwenye maegesho ya kanisa akamwuliza, "Baba, utaweza peke yako?" Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeingia tu. Norbert akasema, "Umeona bei waliyotutoza hawa watu wa maua?"

Denise akaangalia maua. Akasema kweli, ni ghali.

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya mno. Alikuwa akinunua mkate mzima, nusu unaota ukungu. Alikuwa akimjibu mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. Na yeye aliyejua bei ya petroli ya kila kituo kuanzia kwake hadi uwanja wa ndege, sasa alikuwa akiichoma kila siku kwenda dukani kununua limau moja, kwa sababu keshia wa asubuhi, mama mmoja mnene mcheshi, alikuwa akimwita "mpenzi" kama anavyowaita wateja wote. Kesho yake anarudi kununua lingine. Malimau yalijaa kwenye bakuli hadi yakaanza kukunjamana.

Kwa Denise alikuwa akienda kila Krismasi. Krismasi iliyopita haikwenda vizuri. Travis, mkwe wake, alikuwa amejenga baraza jipya la mbao mbele ya nyumba, na Norbert alipoulizwa na wageni analionaje, alilitazama, akalizunguka, akataja bei ambayo lingepaswa kugharimu. Ilikuwa nusu ya ile aliyolipa Travis. "Wamekupiga, mwanangu," alimwambia mbele ya wote, tena kwa upendo. Travis alicheka kwa meno. Denise akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Lakini ni mtoto wake. Na zaidi, ni mwanafunzi wake. Alipokuwa mdogo walikuwa na mchezo wao: Jumamosi wakimaliza kununua vitu, kabla keshia hajaanza kupiga bei, kila mmoja anakisia jumla ya kigari. Anayekaribia zaidi anapata chokoleti. Lorraine alikuwa akitaja namba yoyote inayomjia kichwani, anacheka. Denise alipofika miaka tisa alianza kumshinda baba yake. Sasa alifanya kazi katika ofisi inayowajazia watu fomu za kodi huko huko Tennessee, mji wa Cookeville, na Norbert hakuona ajabu. Mtoto wa nyoka, alijisemea kimoyomoyo kwa fahari, akaikunja karatasi yake.

*

Ijumaa zote za Kwaresima parokia yao inauza samaki wa kukaanga ukumbini: kipande kikubwa kinachoning'inia pande zote mbili za sahani, chipsi, kabichi iliyokatwakatwa, mkate wa ngano nyeusi. Gene Piasecki, aliyekuwa mpeleka barua na ambaye magoti yake hayajamsamehe hadi leo, alimsogezea Norbert kiti.

"Umeiona bili ya majengo?" Gene alisema kabla mwenzake hajakaa. Hiyo ndiyo salamu.

"Nimeiona. Nahama."

"Unahama choo au unahama chumba?"

"Nahama jimbo. Tennessee. Huko kodi ya mapato hakuna, Gene. Hakuna. Hata senti."

"Stan naye alihamia Florida kukimbia kodi. Bima ya nyumba ikamtafuna na mifupa. Sasa anauza mashua ambayo hajawahi hata kuipanda."

"Stan hajui hesabu. Mimi nimepiga ya kwangu."

Gene alitafuna taratibu, akimtazama. "Tennessee. Si ndiko kwa Denise?"

"Denise naye yuko huko, ndiyo. Imetokea tu."

"Imetokea tu!" Gene aliigeukia meza ya pili, uma ukiwa hewani. "Jamani mnamsikia huyu? Majimbo hamsini, kodi ikaenda kupungua mlangoni kwa binti yake!"

Meza ya pili ikacheka. Mama mmoja akasema amwache mzee wa watu. Norbert akacheka pia, shingo upande, akamwagia samaki wake siki kupita kiasi.

Kelele zilipotulia Gene alisogeza kiti. Alikuwa mtu wa masihara, lakini aliwahi kumlilia mke wake mbele ya watu, na tangu hapo alikuwa na uhuru fulani ambao Norbert aliuogopa. "Sikiliza, kaka. Mpigie simu. Mwambie, Denise, nimechoka kula peke yangu. Basi, imetosha. Si lazima umpe asilimia."

"Nani kakwambia nimechoka kula peke yangu?"

"Umefika hapa leo tukiwa bado tunapanga viti."

Norbert alikasirika, tena alikasirika sana, kwa sababu ilikuwa kweli na ilisemwa kwenye ukumbi wenye mwanga mkali.

*

Jumapili, baada ya misa, ndiyo siku yao ya simu.

"Petroli huko bei gani?" alianza Norbert.

"Imeshuka kidogo. Huko je?"

"Usiulize. Watoto?"

"Wazima. Mmoja ana mpira, mmoja ana hasira. Wewe unakula?"

"Nakula. Denise, nimekuwa nikipiga hesabu fulani." Alikohoa. "Nimelinganisha huku na huko. Maisha, kodi, kila kitu. Nakwambia, mimi hapa nachezewa. Ninalipa kodi hadi ya kupumua. Huko kwenu mtu kama mimi, nyumba ndogo ya kupanga, vyumba viwili, hata kimoja, pensheni yote inabaki mfukoni."

"Unataka kuhama?" Denise alisema. "Wewe, Baba?"

"Sijasema nataka. Nimesema hesabu inasema hivyo."

Akamsomea, na Denise akawa anaandika. Alisoma mstari kwa mstari, kwa sauti ile aliyokuwa akiwasomea wateja, na kwenye chakula hakutua hata kidogo. Alipomaliza akaikunja karatasi. Lile neno lilikuwa na nafasi yake sasa, pana, nyeupe. Alisikia mlango ukifungwa huko Tennessee, na sauti ya Travis ikiuliza kitu kwa mbali, na Denise akimjibu, "Ni Baba."

"Niachie niipitie," Denise alisema hatimaye. "Huku mambo hayako jinsi yanavyoonekana kwenye mtandao. Nitaipiga vizuri, nikwambie Jumapili."

"Ipige. Hakuna haraka."

Usidhani alivunjika moyo. Alifurahi mno. Huyu ni Denise. Neno tupu hamwambii mtu, lazima alipime kwanza. Angeona Tennessee imeshinda, na akishaona, atasema. Kama atagundua chakula, sawa, atagundua, lakini hata chakula kikiingia na bima ikirudi mahali pake, Tennessee ilikuwa bado inaongoza. Kwa kichwa cha sindano, lakini inaongoza. Norbert alikuwa amelihakikisha hilo kabla, kama fundi anayeiba msumari mmoja huku akijua paa halitaanguka.

Wiki hiyo alilipima kochi. Alimwambia keshia wa malimau kwamba huenda asimwone tena, kwamba anahamia kwa binti yake.

"Hongera, mpenzi," keshia alisema. "Bahati yako. Wangu hata simu hawapokei."

"Kwa binti yake." Alilisikia alivyolisema, na aliporudi garini alikaa kidogo bila kuwasha, akitabasamu peke yake kama kichaa. Hakuwa amesema karibu na binti yake. Alisema kwa binti yake.

*

Jumapili iliyofuata Denise ndiye aliyepiga, mapema kuliko kawaida. Hakuuliza petroli.

"Baba, una nafasi? Nimeipitia yote."

"Ninayo nafasi."

"Umenitisha kidogo, nikwambie ukweli. Gesi umezidisha Februari mara kumi na mbili."

"Ilikuwa baridi."

"Baba! Hadi Julai?"

"Huijui Julai ya huku, umeondoka zamani," Norbert alisema, na Denise akacheka, na kicheko hicho kikamwingia kama supu ya moto. Norbert aliufurahia mwenendo wa binti yake. Alikuwa akienda safi, hatua kwa hatua, kama alivyomfundisha. Bima ya gari aliirekebisha, na alikuwa sahihi. Bima ya nyumba, sahihi. Kodi ya majengo ya Cookeville aliiacha, maana Norbert hakuigusa.

"Halafu chakula." Sauti ya Denise ilibadilika. "Huku chakula kinatozwa kodi. Mkate, nyama, kila kitu. Wewe umeweka sawa na huko."

Norbert alichukua limau kutoka kwenye bakuli, akaligeuzageuza.

"Baba, wewe? Wewe wa kusahau kodi ya chakula? Ulikuwa ukimrudisha Mama dukani kwa senti nane. Nimekaa na hii karatasi juzi nikalia, sikudanganyi. Nikamwambia Travis, Baba ameanza kupotea."

Hapo Norbert alielewa kwamba binti yake aliogopa, na kwamba aliogopa kwa ajili yake, na huruma ilimshika kwa nguvu. Hesabu zote zikaonekana upuuzi. Kumbe kulikuwa na njia fupi. Gene mpumbavu yule alikuwa amesema kweli. Akapiga moyo konde, akashika simu kwa mikono miwili. "Denise, mimi sikusahau. Nataka nikwambie kitu..."

"Ngoja, Baba, nimalize kwanza, nisije nikapotea na mimi. Bado moja. Riba na gawio. Huku mshahara na pensheni hawagusi, ni kweli, lakini riba ya akiba na gawio la hisa wanatoza. Na wewe una zile hisa za Mama, na ile akiba yako ya benki. Nimeweka asilimia sita. Ukiijumlisha hiyo, New York inakuwa nafuu. Si kwa nyingi, ila ni nafuu."

Norbert alilishusha lile neno alilokuwa nalo mdomoni.

Kodi hiyo ilikuwepo kweli hapo zamani. Tennessee waliipunguza mwaka hadi mwaka, kisha wakaifuta kabisa, na ni miaka sasa tangu ife. Norbert alisoma habari hizo Januari akafurahi kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani. Na yeye alikuwa msomaji tu, mtu wa mbali. Denise alikuwa mwenyeji. Tena ilikuwa Machi, mwezi ambao ofisi yao inafurika watu wenye fomu, na yeye kutwa kucha hafanyi kingine. Huwezi kumwambia mwokaji kwamba amesahau kama mkate unatiwa hamira.

"Asilimia sita," alisema Norbert polepole.

"Eeh. Sita."

"Na bado ipo, hiyo kodi? Nilidhani niliwahi kusikia kitu."

Alimpa nafasi. Alimpa kama alivyokuwa akimpa utotoni, akisimama kando ya kigari bila kumtazama, asije akamwonyesha jibu kwa macho. Huko upande wa pili hakukuwa na kelele za watoto leo, wala mlango. Denise alikuwa amejifungia mahali.

"Ipo, Baba," Denise alisema. "Ipo."

Basi Norbert akajua. Kwanza aliuona ufundi wa kazi yenyewe, kabla ya maumivu, ndivyo alivyozoea. Denise alitafuta kitu kidogo kisichopiga kelele, lakini kizito cha kutosha kuipindua mizani, akakiweka pale pale ambapo Norbert mwenyewe angekiweka. Alisahihisha kila kosa kwa haki, akaona Tennessee bado inaongoza kwa kichwa cha sindano, akaitafuta sindano. Baba alitaka Tennessee ishinde. Mtoto alitaka New York ishinde. Hapakuwa na la zaidi la kuelewa, na iliuma. Iliuma kifuani, mahali penyewe, hadi akaegemea friji.

Angeweza kumwambia. Sentensi moja tu ilitosha: kodi hiyo imefutwa, mwanangu. Angeshinda. Na halafu? Denise angebaki bila hesabu ya kujificha nyuma yake. Ingebidi aseme kwa kinywa chake, "Baba, usije," neno ambalo asingelisahau mpaka anaingia kaburini. Au mbaya zaidi, angesema "njoo" kwa kinywa kisichotaka, na Norbert angeenda, angekaa kwenye lile baraza la bei mbaya, kila siku akilisikia lile "njoo" lilivyokuwa na ufa. Alimwona Denise kama vile yuko mbele yake, mgongo ameuegemeza mlangoni, akingoja. Alikuwa mtoto mzuri. Alikuwa na nyumba imejaa na mume mwenye subira ya kupimwa, na alikuwa amelia juu ya karatasi.

"Ulikuwa unataka kuniambia kitu," Denise alisema. "Kuhusu chakula."

"Hapana. Nilitaka kusema nilisahau."

"Ulisema hukusahau."

"Nilisahau, Denise. Kichwa hiki nacho kimekula chumvi nyingi. Na hiyo ya riba pia ilinipita kabisa. Asante umeniokoa. Ningehama kwa hasara."

Alimsikia akishusha pumzi. Alijaribu kuishusha taratibu, lakini simu siku hizi zinasikia kila kitu.

"Usijali," Denise alisema, sasa kwa sauti laini, ile ya kumwongelesha mgonjwa. "Kila mtu husahau. Ila umwambie daktari wako akuangalie, sawa? Akupime kumbukumbu tu, tuwe na uhakika."

"Nitamwambia."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Na huko una watu wako, Baba. Una parokia, una Gene. Huku usingemjua mtu." Alisita. "Kiangazi tutakuja. Nitawaleta watoto. Wiki nzima."

"Njooni," alisema Norbert. "Njooni wote, na Travis."

Wakaongea petroli kidogo, kisha wakaagana. Norbert aliiweka simu, akalitazama bakuli la malimau kwa muda, akayachukua moja moja akayatupa. Baadaye akapika yai, akalila amesimama.

*

Ijumaa alifika ukumbini akiwa amechelewa kwa makusudi. Viti vilikuwa vimeshapangwa, na foleni ilifika mlangoni. Gene alimpungia mkono kutoka meza yao.

"Enhe, mkimbizi wa kodi! Unaondoka lini? Nataka kujua nianze kulia lini."

"Siondoki," alisema Norbert, akikaa. "Tennessee ni ghali."

"Ghali? Wiki mbili zilizopita ilikuwa peponi!"

"Chakula kinatozwa kodi kule. Mkate, mayai, kila kitu. Bima nayo. Na kuna mengine madogo madogo. Denise kajumlisha yote, bora hapa."

Gene alikuwa na mzaha tayari, ulishafika kwenye midomo. Alimtazama Norbert usoni akaumeza. Alimsogezea mkate. "Ulimwambia lakini? Lile neno nililokwambia?"

"Tuliongea."

"Na yeye akasemaje?"

Norbert alikata samaki wake vipande vidogo, vyote sawasawa, kama mtu anayemkatia mtoto. Pembeni yao watu wa meza ya pili walikuwa wametulia kumsikiliza, maana habari ya kuhama ilishawafikia wote. Mama mmoja akaingilia, kwa nia njema kabisa. "Labda amekosea huyo binti, Norbert. Shemeji yangu yuko kule, anasema maisha ni rahisi sana. Mwambie apige tena hesabu."

Norbert aliweka uma chini. Uso ulimwiva. Tangu Lorraine azikwe hakuna aliyemwona akipandisha sauti, na sasa aliipandisha, hadi mhudumu aliyebeba sahani akasimama.

"Denise hakosei," alisema. "Mimi ndiye niliyesahau. Mimi. Yule nimemfundisha mwenyewe, na hajawahi kukosea hata senti moja."

Mama yule akaomba radhi. Gene akamwekea mkono begani, akauacha hapo, na Norbert akaendelea kula kichwa chini, kwa sababu chakula alishakilipia.